Eliya Alilala Kwanza

Andiko la wiki: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8

Waliokuwa kanisani Jumapili iliyopita walilisikia neno hili kwa mdomo, na wengine mkanishika mlangoni kuniuliza kama nilikuwa nasema kweli ama nilikuwa nawachekesha tu. Nilikuwa nasema kweli. Sasa naliandika ili hata waliokuwa zamu kazini, na wale waliosafiri kwenda bara, walipate kama lilivyo.

Wiki tisa zilizopita, siku ya Jumamosi, vijana wa mtaa wetu walipanga mashindano ya nguvu pale uwanjani. Walikuja wa kanisani na wa msikitini, wapakiaji wa mawe, waendesha boda, walimu wawili, na askari mmoja aliyekuwa likizo. Zawadi ilikuwa beberu mmoja. Raundi ya kwanza ni kuinua chuma kutoka chini, majaribio matatu, mzito zaidi anahesabiwa. Raundi ya pili ni kubeba madumu manne ya lita 20, mawili kila mkono, unazunguka uwanja mpaka vidole vikatae. Raundi ya tatu ndiyo iliyotumaliza: gunia la mchanga la kilo 50, unalitoa chini, unalipandisha begani, unaliangusha, unaliinua tena. Dakika tano. Mwenye idadi kubwa ndiye mshindi.

Mimi nilisema naenda kuwatia moyo vijana. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu. Sababu ya kweli ni kwamba nina miaka thelathini na kitu, naenda jimu mara mbili kwa wiki, na nilitaka vijana waone kwamba pasta wao si mtu wa tai na kipaza sauti peke yake. Nilitaka kuonekana, wapendwa. Naliandika hili hapa kwa sababu mahubiri yote yanayofuata yametokea hapo.

Gunia niliinua mara 41. Kijana aliyenifuata, ambaye kazi yake kila siku ni kupakia mawe kwenye lori, alifika 38. Angalia tofauti yetu: yeye mwili wake unaijua hiyo kazi, mimi mwili wangu ulikuwa unaisikia kwa mara ya kwanza. Yeye alipoona pumzi imekatika aliweka gunia chini, akanywa maji, akaketi kivulini. Mimi nilikuwa nasikia watu wakipiga kelele "Pasta! Pasta!" na nikaendelea mpaka macho yakaona giza. Jua lilikuwa lile la kwetu la saa tisa, mnalijua.

Nikashinda beberu.

Sasa sikiliza kilichofuata. Jioni ile ile kanisa lilikuwa linaanza mfungo wa siku tatu, mfungo kavu, bila chakula na bila maji. Aliyeutangaza ni mimi. Aliyesema pale mbele kwamba atakayenyanyua glasi ya maji kabla ya Jumanne jioni ajiulize anamfuata nani, ni mimi pia. Kwa hiyo nilitoka uwanjani nikaoga, nikanywa kikombe kimoja cha chai kabla jua halijazama, nikaingia kwenye kesha. Tuliomba mpaka alfajiri. Jumapili nikahubiri ibada ya kwanza na ya pili. Kufikia mchana mikono ilikuwa haikunjiki, mapaja yamekaza kama mbao, na mgongo unawaka. Nikachukua vidonge vya maumivu vilivyokuwa kwa kabati nikavimeza vikavu, bila maji, ili nisivunje mfungo. Fikiria akili ya mtu huyo. Vidonge ni sawa, maji ni dhambi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda msalani nikatoa mkojo wa rangi ya strungi. Si njano nzito, hapana. Rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana. Nikanyamaza. Nikajiambia ni mfungo unasafisha mwili. Mke wangu ndiye aliyegundua, kwa sababu nilishindwa kuvua shati na ikabidi anisaidie, akaona mabega yamevimba. Akaniuliza maswali mawili, akaenda akaniletea maji. Nikamwambia siwezi, niko kwenye mfungo. Akasema, "Baba Watoto, mimi sikuolewa na mfungo." Akapiga simu, tukapelekwa hospitali kwa tuktuk.

Nililazwa siku nne, dripu mkononi. Daktari, kijana kuliko mimi, alinieleza polepole kama mtu anayefundisha darasa la nne, na nilistahili. Alisema msuli ukilazimishwa kupita kiasi, hasa kwa kazi usiyoizoea, kwenye joto na bila maji, nyuzi zake hazichaniki kidogo kidogo kama kawaida, zinabomoka. Kilichomo ndani kinamwagika kwenye damu. Kuna protini moja ya msuli, mayoglobini, ndiyo inayoleta ile rangi kwenye mkojo. Protini hiyo ikifika kwenye figo nyingi kwa pamoja, na damu haina maji ya kutosha kuisukuma nje, figo zinaziba na zinaweza kusimama. Na vile vidonge nilivyomeza, vya jamii ya ibuprofeni, ukivitumia mwili ukiwa umekauka vinaipunguzia figo damu, yaani nilikuwa naziba bomba huku nafunga mfereji. Akasema ningengoja mpaka Jumanne jioni nimalize mfungo wangu vizuri, huenda tungekuwa tunazungumza habari za mashine ya kusafisha damu.

Nilipokuwa nimelala pale, mzee mmoja wetu wa kanisa alikuja kuniombea, akakemea roho ya mauti na akavunja hila za adui. Nilisema amina, kwa sababu alikuja kwa upendo na maombi yake Mungu aliyasikia. Lakini moyoni nilijua adui hakuwa na kazi kubwa wiki ile. Kazi nilimfanyia mwenyewe.

Basi nikafungua Biblia kwenye simu, nikaenda kwa Eliya.

Habari ya Karmeli tunaijua sote. Tumeihubiri mpaka watoto wa Sunday School wanaijua. Lakini ile siku nilisoma kama mtu ambaye mikono yake haiwezi kushika simu vizuri, na nikaanza kuhesabu kazi ya mwili. Eliya alisimama tangu asubuhi mbele ya manabii 450 wa Baali, peke yake. Jioni akaanza kuitengeneza madhabahu iliyobomoka, mawe kumi na mawili. Akachimba mfereji kuizunguka. Akapanga kuni, akamkata ng'ombe vipande, mtu aliyewahi kuchinja ng'ombe anajua hiyo ni kazi ya watu wangapi. Baada ya moto kushuka, wakawashusha manabii wa Baali mpaka kijito cha Kishoni. Akapanda tena mlimani, akainama chini, uso katikati ya magoti, akaomba mvua. Mara saba alimtuma mtumishi wake kuangalia bahari. Halafu wingu likaja, mkono wa Bwana ukawa juu yake, na akafanya nini? Akakimbia. Akalitangulia gari la Ahabu mpaka Yezreeli, umbali wa zaidi ya kilomita 20, gari la farasi liko nyuma, mvua inanyesha. Hayo ni mashindano ya nguvu kuliko yetu ya gunia.

Andiko halisemi kama usiku ule alikula. Linasema tu ujumbe wa Yezebeli ulimfikia kwamba kesho saa kama hizi atakuwa maiti. Na mtu huyu ambaye jana hakuwaogopa 450, leo anamkimbia mwanamke mmoja. Akatoka kaskazini mpaka Beer-sheba, kusini kabisa mwa nchi, safari ndefu kuliko kutoka hapa kwetu hadi Dadaab. Akamwacha mtumishi wake huko. Akaingia jangwani mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu afe.

Mretemu si mti mkubwa. Ni kichaka cha jangwani, kivuli chake ni kidogo, unakitumia kwa sababu hakuna kingine. Hapa kwetu ningesema aliketi chini ya mathenge, na miiba yake.

Tumezoea kuhubiri kwamba hapo Eliya alipoteza imani. Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo, na nina noti zake, kichwa chake kilikuwa "Usimpe Yezebeli Sikio". Nimeziweka kando. Tazama Mungu alimfanyia nini, ndipo utajua Mungu aliona tatizo ni lipi. Hakumkemea. Hakumkumbusha Karmeli. Hakumwuliza imani yako iko wapi. Eliya alilala, na Mungu akamwacha alale. Malaika akamgusa amwambie aamke ale, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Malaika wa Bwana amepika, wapendwa. Akala, akanywa, na usikimbilie mstari unaofuata: akalala tena. Malaika hakusema, sasa umeshiba, simama tuanze ibada. Akamwacha. Akaja mara ya pili, akamgusa tena, akampa tena chakula, akamwambia safari iliyo mbele ni kubwa mno kwake.

Hayo maneno ya safari kuwa kubwa kwake, malaika ndiye anayeyasema. Mbingu zinakiri kwamba mwanadamu huyu ana kikomo. Sisi kanisani hatusemi hivyo. Sisi tunasema wewe ni zaidi ya mshindi, simama.

Mazungumzo ya kiroho, lile swali la Mungu la kwa nini uko hapa, yalikuja baadaye huko Horebu, baada ya siku arobaini. Kwanza usingizi, mkate, maji, usingizi, mkate, maji. Halafu safari. Halafu neno.

Mimi nilisoma biashara chuoni kabla ya Mungu kuniita, na kuna somo moja ambalo lilikuwa linanichosha sana, la uchakavu wa mali. Ukinunua lori, kila mwaka unaandika kwenye vitabu kwamba thamani yake imepungua, hata kama linatembea vizuri, na mwenye busara anatenga pesa ya kulirekebisha. Mwenye tamaa haandiki. Vitabu vyake vinaonyesha faida kubwa mpaka siku lori linakufa katikati ya Bangale na abiria wako juu yake. Nilikuwa nimefika Jumamosi ile bila kuandika uchakavu kwa miezi. Kesha kila Ijumaa, mikutano ya jioni, mazishi, simu za saa nane usiku, na katikati yake naenda jimu nijihisi bado niko sawa. Beberu nilimshinda kwa mtaji ambao haukuwepo.

Msamson naye amwone, yule wa Waamuzi 15. Alipiga watu elfu pale Lehi kwa taya la punda, na mara tu alipolitupa lile taya akasikia kiu mpaka akamlilia Mungu kwamba anakufa. Mungu akapasua mahali penye bonde, maji yakatoka, akanywa, roho yake ikamrudia. Ushindi mkubwa, na kitu kilichofuata kwenye andiko si ushuhuda wala sadaka ya shukrani. Ni maji.

Na msifikiri haya ni ya watu wa zamani. Tuna dada yetu Mkenya, Hellen Wawira Kariuki, anayeinua vyuma katika michezo ya watu wenye ulemavu. Anainua akiwa amelala chali kwenye benchi: chuma kinashushwa mpaka kifuani, kinatulia, kinasukumwa juu. Katika mchezo wake kila mtu ana majaribio matatu tu. Huko Tokyo mwaka 2021 alimaliza wa tano, karibu na medali lakini bila medali. Mwaka uliofuata, 2022, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham, alileta nyumbani medali ya shaba. Majaribio matatu siku moja, basi. Eliud Kipchoge naye, mwaka 2019 alikimbia London mwezi wa Aprili na Vienna mwezi wa Oktoba, ile ya saa 1:59:40. Marathoni mbili mwaka mzima. Mtu huyo si mvivu. Anajua mwili unajengwa wakati umepumzishwa, na kwenye mbio zenyewe unatumika. Sisi tunataka Vienna kila Ijumaa usiku.

Niwape yale niliyofundishwa hospitalini, kwa sababu wengi wenu mnabeba vitu vizito kuliko mimi. Siku ya kwanza baada ya kazi ya kupita kiasi usijidanganye kwamba uko sawa, maumivu ya msuli hufika kilele siku ya pili na ya tatu. Nguvu ya msuli inatoka kwenye sukari iliyohifadhiwa humo ndani, na ikiisha inachukua siku nzima au zaidi kurudi, tena ikiwa unakula. Ugali, wali, viazi, anjera, hivyo ndivyo vinavyoirudisha. Maharage, mayai, maziwa na nyama ndivyo vinavyoshona nyuzi zilizochanika. Maji, na chumvi kidogo ndani ya chakula, maana jua letu linatoa vyote viwili pamoja. Usingizi wa usiku ndio fundi mkuu, kwa sababu homoni ya kukuza na kukarabati mwili hutoka zaidi ukiwa kwenye usingizi mzito. Kulala kitandani siku tatu bila kusogea si lazima, kutembea polepole jioni kunasaidia damu. Lakini mzigo mzito, ngoja mpaka maumivu yaishe. Na ukiona mkojo umekuwa mweusi kama strungi, au msuli umevimba na kuuma kupita kazi uliyofanya, au mkono hauna nguvu kabisa, usingoje maombi ya jioni. Nenda hospitali, sisi tutakuombea ukiwa njiani.

Wafugaji wa hapa hawahitaji mahubiri haya. Siku niliyotoka hospitali nilipita karibu na soko la mifugo nikiwa kwenye tuktuk, dereva akawa ananieleza ngamia waliotoka mbali. Mtu mwenye akili, alisema, hampeleki mnyama kwa mnunuzi siku aliyofika. Anampeleka kwanza kwenye maji. Ngamia aliyekauka anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mkao mmoja, unamwona anajaa mbele ya macho yako. Halafu anamwacha ale, alale, acheue. Nikamwuliza, je, hakuna wanaompeleka moja kwa moja? Akasema wapo, na wanalia kuhusu bei.

Nyumbani nilikuta jirani yetu, mama Msomali ambaye watoto wake wanacheza na wetu, ameleta maziwa ya ngamia na nyirinyiri kwenye kopo. Mke wangu alikuwa amemweleza. Mama yule alisimama mlangoni, hakuingia, akaniangalia akacheka kidogo akasema, "Pasta, hata sisi tunafunga mwezi mzima, na mgonjwa anaambiwa kula." Sikuwa na jibu. Nilikula nyirinyiri, nikanywa maziwa, nikalala saa kumi na moja mfululizo, na nilipoamka nikala tena na kulala tena. Nikamfikiria Eliya. Malaika wangu alikuwa amevaa buibui.

Sasa najua kuna mtu anasoma hapa anasema pasta ameanza kupinga mfungo. Hapana. Bwana wetu alifunga siku arobaini, na sitaki kuwa mhubiri wa tumbo. Lakini soma Mathayo 4 mpaka mwisho wa habari: Ibilisi alipomwacha, malaika walikuja wakamtumikia. Hata Yesu hakutoka jangwani akaingia moja kwa moja kwenye mkutano. Na katika Marko 6, wanafunzi waliporudi wamehubiri na kuponya, watu wakawa wengi mpaka hawana nafasi ya kula, yeye mwenyewe ndiye aliyewaita waende kando wapumzike kidogo. Mfungo ni sadaka. Huwezi kutoa sadaka ya kitu ambacho tayari umeshakivunja uwanjani ukitafuta makofi. Nilichomletea Mungu ile Jumamosi usiku ni mabaki, na nikayaita dhabihu, na nikawatisha ninyi mfanye vivyo hivyo. Kwa hilo la mwisho nimewaomba msamaha Jumapili na nawaomba tena hapa. Kuna mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha ambaye alifunga kavu siku mbili kwa sababu ya maneno yangu. Alikuja kuniambia nilipotoka hospitali. Maziwa yalikuwa yamepungua, na mtoto alikuwa analia usiku. Hakunilaumu. Alitaka kujua kama Mungu amemkasirikia kwa kunywa maji siku ya tatu. Dada yangu, unajua ninakuzungumzia wewe: hajakasirika. Kama kuna aliyestahili kukasirikiwa, alikuwa amelala wodi ya wanaume na dripu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema Jumapili kwa sababu nilijua sauti ingenikatika. Kwetu Garissa kupumzika ni kugumu kwa sababu ambayo watu wa bara hawaielewi. Wako kati yetu waliokuwa hapa tarehe 1 Julai 2012 makanisa yaliposhambuliwa katikati ya ibada, na waliokuwa hapa tarehe 2 Aprili 2015, ile alfajiri ya Chuo Kikuu, watu 148. Wengine wenu mmesimama kwa zamu pale getini kila Jumapili tangu wakati ule, mnakagua mifuko, hamjawahi kusikia mahubiri yangu hata moja mpaka mwisho. Kuna ndugu aliniambia hajalala usiku kucha bila kuamka tangu 2015. Anasema akilala sana anahisi kama ameacha lindo. Mwili wake ulikimbia mbio siku moja na haujawahi kuambiwa kwamba mbio zimekwisha. Kwake yeye gunia la kilo 50 ni kitu kidogo.

Ndugu huyo sikumwambia awe na imani zaidi. Nilimwambia aende amwone mshauri wa masuala ya akili pale hospitalini, na nilimsindikiza. Na nikamwambia Zaburi ya 127, inayozungumza habari za mlinzi wa mji na za Mungu anayewapa wapenzi wake usingizi, ziko kwenye zaburi moja, mstari mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimesoma zaburi ile mara nyingi bila kuona kwamba mlinzi na mtu anayelala wamewekwa karibu hivyo.

Baba Mchungaji wetu kiongozi alikuja kuniona nyumbani wiki ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kukemewa, kwa sababu nilimficha habari za mashindano mpaka akazisikia kwa watu. Alikaa kimya, akanywa chai, akaniambia yeye katika miaka yake ya kwanza ya huduma alianguka madhabahuni mara mbili na watu wakasema ni upako. Akasema, "Hakikuwa upako. Nilikuwa sijala." Tulicheka mpaka mbavu zangu zikauma, na zilikuwa bado hazijapona.

Kwa hiyo mfungo wa mwezi huu tumeupanga upya, na nimepewa ruhusa kuutangaza. Utaanza Jumatano, utaisha Ijumaa jioni. Maji mnakunywa. Wanaonyonyesha, wajawazito, wenye sukari na presha, wanaotumia dawa, na wote wanaobeba mizigo, kupakia mawe, kuchimba mchanga au kuchota maji kwa umbali mrefu, watafunga kitu kingine. Njooni tuzungumze ofisini, si lazima kueleza mbele za watu. Hakutakuwa na kesha Ijumaa hiyo. Narudia kwa sababu najua mtaniuliza: hakutakuwa na kesha. Walinzi wa getini tumewapangia wa kuwapokea, ili Jumapili hii wakae ndani ibada nzima.

Na beberu bado yuko. Amefungwa nyuma ya nyumba yetu wiki tisa sasa, amekula ua wa jirani na shati langu moja, na amenona kuniliko. Ijumaa jioni tutamchinja. Tumemwomba mzee wa nyumba ya pili achinje yeye, ili majirani zetu wote wale bila wasiwasi, na yule kijana wa inchi tatu nyuma yangu, yaani wa gunia 38, amekubali kuja na mama yake. Akina mama wa jikoni wanaomba masufuria makubwa mawili na sinia. Leteni kabla ya saa kumi.